Bwawa la Kelly Barnes: Hali na Usalama wa Bwawa Dogo la Udongo la Mapumziko

Bwawa la Kelly Barnes lilikuwa bwawa dogo la udongo katika kijito cha Toccoa, Kaunti ya Stephens, jimbo la Georgia, kusini-mashariki mwa Marekani. Lilianza mwaka 1899 kama kinga ya maji ya mtambo mdogo wa umeme, na kuanzia mwaka 1957 halikuwa na kazi nyingine isipokuwa kutunza ziwa la mapumziko. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 6 Novemba, 1977, saa 7:30, tuta lake lilibomoka baada ya mvua kubwa. Maji yaliporomoka juu ya chuo cha Biblia kilichokuwa bondeni na kuua watu 39.

Miongoni mwa wataalamu wa mabwawa, tukio hilo linatajwa hadi leo ingawa bwawa lenyewe lilikuwa dogo. Linatajwa kwa sababu udogo huo ndio uliolifanya lisahaulike. Halikuwa likitoa umeme tena, halikuwa likimwagilia mashamba wala kunywesha mji, na kwa hiyo hapakuwa na mhandisi aliyepangiwa kulitazama. Makala hii inaeleza historia ya bwawa hilo, hali yake kabla ya kubomoka, sababu zilizoonwa na wachunguzi, na mambo yanayopaswa kuzingatiwa na mmiliki wa bwawa dogo la udongo pamoja na wananchi wanaoishi chini yake.

Historia ya tuta

Ujenzi wa kwanza katika eneo hilo ulifanyika mwaka 1899. Lilijengwa boma la magogo lililojazwa mawe, ili kuinua maji ya kijito na kuyapeleka kwenye mtambo mdogo wa umeme. Mwishoni mwa miaka ya 1930 taasisi ya elimu ya dini iliyokuwa ikimiliki eneo hilo, ambayo baadaye ilijulikana kama Chuo cha Biblia cha Toccoa Falls, ilitaka chanzo cha umeme cha kuaminika zaidi. Udongo ukamwagwa na kushindiliwa juu ya boma lile la zamani, likawa tuta la udongo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia tuta liliinuliwa tena hadi kufikia kimo chake cha mwisho.

Kwa hiyo tuta lililoonekana mwaka 1977 lilikuwa kazi ya vizazi vitatu vya wajenzi, iliyowekwa tabaka juu ya tabaka. Mahali ambapo udongo mpya unakutana na udongo wa zamani, au udongo unapokutana na mawe, magogo na mabomba, ni mahali ambapo maji hupata njia kwa urahisi. Bwawa linaloongezwa kimo mara kwa mara hubeba mzigo mkubwa zaidi wa maji, lakini msingi wake unabaki uleule wa siku ya kwanza.

Uzalishaji wa umeme ulisimama mwaka 1957. Kuanzia hapo ziwa lilibaki kuwa sehemu ya mandhari na mapumziko kwa muda wa miaka 20.

Ukubwa na umbo

Katika hali ya kawaida ziwa lilikuwa na eneo la takriban ekari 40. Tuta lilikuwa na urefu wa takriban mita 120 kutoka ukingo mmoja wa bonde hadi mwingine, kimo cha takriban mita 12, na upana wa takriban mita 6 kwenye uso wake wa juu. Kwa vipimo vya wahandisi wa mabwawa makubwa, hilo ni tuta dogo.

Jambo lililolitofautisha na matuta mengi ya aina yake ni ukali wa mteremko wa upande wa nje, yaani upande usio na maji. Kwa kawaida tuta dogo la udongo hulazwa mita 2 au zaidi kwa kila mita 1 ya kwenda juu, ili uzito wa udongo utulie hata unapolowa. Mteremko wa nje wa Kelly Barnes ulikaribia kusimama mita 1 kwa mita 1. Udongo uliosimama hivyo unaweza kudumu miaka mingi ukiwa mkavu. Unapolowa hadi ndani, nguvu yake ya kujishikilia hupungua, na kipande chake kinaweza kumeguka na kuteleza.

Chini ya bwawa kijito kiliendelea hadi kwenye maporomoko ya Toccoa, yenye kimo cha takriban mita 57. Chini ya maporomoko ndipo palipokuwa na majengo ya chuo, bweni la wanafunzi, nyumba za walimu na kijiji cha nyumba za matrela zilizokaliwa na wanafunzi wenye familia.

Dalili zilizokuwapo

Bwawa halikubomoka bila kutoa ishara. Picha iliyopigwa mwaka 1973, miaka minne kabla ya maafa, ilionyesha sehemu ya mteremko wa nje ikiwa imeporomoka. Sehemu hiyo ilikuwa na kimo cha takriban mita 3.7 na upana wa takriban mita 9. Kwa mhandisi, mporomoko wa namna hiyo ni ushahidi kwamba mteremko umeshindwa kujibeba na huenda maji yamefika mahali pasipotakiwa. Kwa mpita njia, ni udongo tu ulioanguka.

Dalili ya pili ilikuwa miti. Mteremko wa nje ulikuwa umeota miti na vichaka. Mti juu ya tuta hupendeza macho na humfanya mgeni aone kilima cha asili badala ya ukuta wa maji. Hata hivyo mizizi hupenya ndani ya udongo, na mti unapokufa mizizi hiyo huoza na kuacha vishimo virefu vinavyopitisha maji. Mti mkubwa ukiangushwa na upepo wakati wa dhoruba hung'oa sehemu ya tuta pamoja nao, tena katika saa ambayo tuta linahitaji kila kipande chake. Zaidi ya hayo, vichaka huficha nyufa, mashimo na unyevu, hata mkaguzi akifika asione kitu.

Dalili ya tatu ilihusu mabomba ya zamani yaliyopita ndani ya tuta tangu enzi za umeme. Bomba la chuma lililotelekezwa ndani ya udongo huota kutu na kutoboka. Maji yakipata njia ndani yake au kando yake hubeba udongo kidogokidogo, na uwazi huongezeka bila kuonekana kutoka nje.

Usiku wa tarehe 6 Novemba

Mvua ilinyesha katika eneo la Toccoa kuanzia tarehe 2 Novemba. Hadi usiku wa tarehe 5 zilikuwa zimenyesha zaidi ya milimita 175, na karibu nusu ya kiasi hicho, takriban milimita 90, ilinyesha kati ya saa 12 jioni na saa 6 usiku wa siku hiyo ya mwisho. Ziwa lilijaa kupita usawa wake wa kawaida, na udongo wa tuta ukalowa kwa maji ya ziwa upande mmoja na maji ya mvua upande mwingine.

Saa 7:30 usiku tuta lilifunguka. Wataalamu wa Idara ya Jiolojia ya Marekani walikadiria baadaye kwamba wakati huo ziwa lilikuwa na maji ya karibu mita za ujazo 780,000, na kwamba kasi ya juu kabisa ya mtiririko ilifikia takriban mita za ujazo 680 kwa sekunde. Kiasi hicho ni sawa na maboza 68 ya maji, kila moja la lita 10,000, yakimwagwa kwa pamoja katika sekunde moja, kisha sekunde inayofuata, na inayofuata.

Maji yalipita juu ya maporomoko na kushuka katika bonde jembamba. Watu wengi walikuwa wamelala. Hapakuwa na king'ora wala mpango uliopangwa mapema wa kuhamisha wakazi. Nyumba za matrela zilisombwa, nyumba za kudumu zilivunjwa, na ghorofa ya chini ya bweni ilifurika. Kulipopambazuka watu 39 walikuwa wamepoteza maisha, wakiwemo watoto na wazazi wa familia moja moja.

Matokeo ya uchunguzi

Bodi ya uchunguzi ya serikali ya shirikisho iliundwa na kutoa taarifa yake mwezi Desemba 1977. Haikutaja sababu moja pekee. Ilieleza kwamba kubomoka kulitokana na mchanganyiko wa mambo, na jambo lililoonekana kuwa na uwezekano mkubwa ni kuporomoka kwa sehemu ya mteremko mkali wa nje uliokuwa umelowa, kukihusishwa na maji yaliyopenya ndani ya tuta. Mporomoko huo ulipofika kwenye uso wa juu, maji ya ziwa yalipata mwanya na kumalizia kazi kwa dakika chache.

Hitimisho hilo lina uzito kwa kila anayemiliki bwawa. Kama sababu ingekuwa moja, ingetosha kuizuia hiyo. Kelly Barnes ilionyesha kwamba mambo madogo yanayovumilika moja moja, yaani mteremko mkali, miti, bomba la zamani, mporomoko ambao haukushughulikiwa na mvua isiyo ya kawaida, yanaweza kukutana katika usiku mmoja.

Jinsi tuta la udongo linavyobomoka

Tuta la udongo hutegemea uzito wake na mshikamano wa udongo wake. Likijengwa vizuri na kutunzwa linaweza kudumu kwa karne. Hata hivyo adui wake ni kilekile kinachohifadhiwa, yaani maji, na maji hulishambulia kwa njia kuu tatu.

Njia ya kwanza ni maji kupita juu ya tuta. Ukuta wa zege unaweza kuvumilia maji yanayopita juu yake kwa muda, lakini udongo huliwa. Maji yanayomiminika kwenye mteremko wa nje huchimba mfereji, mfereji hurudi nyuma hadi kwenye uso wa juu, na tuta hukatika. Kinga yake ni utoro wa maji, yaani njia maalumu ya kupitishia maji ya ziada pembeni mwa tuta, pamoja na kuacha nafasi ya kutosha kati ya usawa wa maji na uso wa juu wa tuta.

Njia ya pili ni mmomonyoko wa ndani. Hakuna tuta la udongo lisilopenyeza maji kabisa, na unyevu kidogo kwenye kitako cha tuta peke yake si hatari. Hatari huanza pale maji yanapotoka yakiwa yamebeba udongo. Ndiyo sababu mkaguzi hutazama rangi ya maji yanayovuja pamoja na wingi wake. Maji maangavu yanayotoka kwa kiasi kilekile mwaka hadi mwaka yanahitaji kufuatiliwa. Maji yaliyogeuka kuwa ya tope, au yaliyoongezeka ghafla, yanahitaji mhandisi siku hiyohiyo.

Njia ya tatu ni kuteleza kwa mteremko, kama ilivyoonekana Kelly Barnes. Nyufa zinazofuata urefu wa tuta kwenye uso wake wa juu, uvimbe kwenye kitako, au sehemu iliyodidimia ni ishara kwamba udongo umeanza kusogea.

Mapumziko na usalama

Bwawa la mapumziko lina tatizo lake la pekee. Watumiaji wake hutaka ziwa lijae wakati wote, samaki wasitoke, kingo ziwe na kivuli na njia ya kutembea iwe pana. Kila moja ya matakwa hayo, lisipodhibitiwa, hugusa usalama wa tuta.

Mfano wa zamani zaidi na wa kusikitisha zaidi ni bwawa la South Fork, jimbo la Pennsylvania, ambalo lilikuwa kubwa kuliko Kelly Barnes. Lilijengwa na serikali ya jimbo kwa ajili ya mfereji wa usafiri na kukamilika mwaka 1853. Mfereji ulipopitwa na wakati kwa sababu ya reli, bwawa lilipita katika mikono ya wamiliki kadhaa, na mmoja wao aliondoa mabomba ya chuma ya kutolea maji yaliyokuwa chini ya tuta. Mwaka 1879 eneo lilichukuliwa na klabu ya uvuvi na uwindaji ya matajiri wa Pittsburgh. Klabu ilikarabati tuta bila kurudisha mabomba, ilishusha uso wa juu ili magari ya farasi yapite vizuri, na kuweka vyuma vya kuzuia samaki wasitoroke kwenye utoro wa maji.

Tarehe 31 Mei, 1889, baada ya mvua kubwa, ziwa lilijaa na hapakuwa na bomba la kulipunguza. Takataka zilinasa kwenye vyuma vya samaki na kupunguza uwezo wa utoro. Maji yalipita juu ya tuta na kulikata. Mji wa Johnstown, umbali wa takriban kilomita 23 chini ya bonde, ulisombwa na watu 2,209 walifariki dunia.

Kati ya South Fork na Kelly Barnes ilipita miaka 88, lakini mwenendo ni mmoja. Bwawa lilijengwa kwa kazi maalumu, kazi ikaisha, likageuzwa kuwa mahali pa kustarehe, na mabadiliko hayo ya matumizi hayakuambatana na tathmini mpya ya usalama.

Hali ya bwawa na kiwango cha hatari

Katika usimamizi wa mabwawa, maneno mawili hutumika kwa maana tofauti, na wananchi hunufaika kuyatenganisha. Neno la kwanza ni hali, yaani uzima wa tuta lenyewe: je, lina nyufa, linavuja, utoro wake unatosha? Neno la pili ni kiwango cha hatari, yaani madhara yatakayotokea endapo tuta litabomoka, hata kama kwa sasa ni zima kabisa.

Bwawa lenye hali nzuri linaweza kuwa katika daraja la juu la hatari kwa sababu kuna shule chini yake. Bwawa lililochakaa katikati ya pori lisilo na makazi linaweza kuwa katika daraja la chini. Daraja hilo hubadilika bila bwawa kuguswa. Nyumba zikijengwa katika bonde ambalo miaka 20 iliyopita lilikuwa shamba, bwawa la juu hupanda daraja siku ile familia ya kwanza inapohamia. Kwa sababu hiyo mipango ya matumizi ya ardhi ni sehemu ya usalama wa mabwawa sawa na saruji na udongo.

Ukaguzi na matunzo

Matunzo ya bwawa dogo la udongo hayahitaji mitambo ya gharama kubwa. Yanahitaji mtu anayejulikana, anayepita juu ya tuta mara kwa mara, hasa kabla ya msimu wa mvua, wakati wa mvua kubwa na mara baada yake, na anayeandika alichokiona. Kumbukumbu hizo, zikiambatana na picha zilizopigwa kutoka sehemu ileile kila mara, ndizo zinazoonyesha kama ufa umekua au uvujaji umeongezeka.

Mambo ya msingi ya kukagua ni haya:

1. Uso wa juu wa tuta uwe sawasawa. Sehemu iliyodidimia ndiyo maji yatakayoianza.
2. Miteremko ifunikwe na nyasi fupi. Miti michanga ing'olewe mapema. Mti uliokwisha kukomaa usikatwe wala kung'olewa kabla ya ushauri wa mhandisi, kwa kuwa kisiki na mizizi vinavyooza navyo ni hatari.
3. Mashimo ya wanyama, pamoja na vichuguu vya mchwa, yatafutwe na kuzibwa kwa udongo ulioshindiliwa. Mifugo isipitishwe juu ya tuta, kwa kuwa njia zake hugeuka mifereji.
4. Kitako cha tuta kikaguliwe kama kuna unyevu, chemchemi mpya au nyasi za kijani kibichi wakati wa kiangazi.
5. Utoro wa maji ubaki wazi. Nyavu za samaki, uzio, magogo, magugu maji, mbao au mifuko ya mchanga ya kuongezea kina cha ziwa isiwekwe kwenye njia hiyo.
6. Bomba la kutolea maji na koki yake vijaribiwe. Bwawa lisiloweza kupunguzwa maji kwa haraka halina njia ya kuokolewa dalili mbaya zinapoonekana.

Juu ya hayo yote, bwawa ambalo lina watu chini yake linahitaji mpango wa dharura ulioandikwa. Mpango huo hutaja nani atatoa tahadhari, kwa njia gani, nani atamwamsha nani, na wakazi watakimbilia wapi. Katika bonde la Toccoa, dakika chache za kuamshwa zingebadilisha idadi ya waliofariki.

Sheria zilizotokana na maafa hayo

Marekani ilikuwa na sheria ya kitaifa ya ukaguzi wa mabwawa tangu mwaka 1972. Sheria hiyo ilizaa orodha ya mabwawa, lakini ukaguzi wenyewe ulikwama kwa kukosa fedha. Jimbo la Georgia halikuwa na sheria yake ya usalama wa mabwawa.

Rais wa wakati huo, Jimmy Carter, alikuwa ametoka kuwa gavana wa Georgia, na mkewe, Rosalynn Carter, alifika eneo la maafa kuwafariji wafiwa. Mwezi huohuo wa Novemba Rais aliagiza Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi kuanza kukagua mabwawa yasiyo ya serikali ya shirikisho yaliyokuwa katika daraja la juu la hatari. Hadi mwaka 1981 yalikuwa yamekaguliwa mabwawa takriban 8,800, na karibu theluthi moja yalionekana kutokuwa salama. Kasoro iliyoongoza ilikuwa utoro wa maji usiotosha. Mwaka 1979 serikali ya shirikisho ilitoa miongozo ya usalama wa mabwawa.

Georgia nayo ilipitisha Sheria ya Mabwawa Salama mwaka 1978. Kipimo kikuu cha sheria hiyo ni uwezekano wa kupotea kwa maisha ya watu endapo bwawa litabomoka, bila kujali kama bwawa ni la umeme, la kilimo au la kuvulia samaki siku za mapumziko.

Mafunzo kwa Afrika Mashariki

Mabwawa na malambo ya udongo ni mengi katika nchi za Afrika Mashariki. Hutumika kunywesha mifugo katika maeneo makavu, kumwagilia mashamba, kufuga samaki, na katika baadhi ya maeneo kupendezesha hoteli, viwanja vya michezo na sehemu za mapumziko. Hatari yake si ya kufikirika. Usiku wa tarehe 9 Mei, 2018, bwawa la udongo la shamba kubwa katika eneo la Solai, Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilibomoka wakati wa mvua za masika na kuua watu wasiopungua 47 waliokuwa wakiishi chini yake. Kama ilivyokuwa Toccoa, maji yaliwakuta wakazi usiku, majumbani mwao.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ina masharti kuhusu usalama wa mabwawa, na kanuni za mwaka 2013 zilizotungwa chini yake zinahusu usalama, ujenzi na uendeshaji wa mabwawa. Usimamizi wa rasilimali za maji umegawanywa katika mabonde 9, kila moja likiwa na Bodi ya Maji ya Bonde chini ya wizara yenye dhamana ya maji. Nchini Kenya, jukumu la kusimamia rasilimali hizo liko kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016.

Kwa mwananchi, maana yake ni kwamba bwawa kwenye ardhi ya mtu binafsi si jambo la mmiliki peke yake. Anayeona tuta limepasuka, linavuja maji ya tope, limeziba utoro au limeota msitu, ana mahali pa kupeleka taarifa: ofisi ya bonde, ofisi ya serikali ya kijiji au mtaa, au mamlaka ya maji iliyo karibu. Taarifa hiyo haihitaji utaalamu. Inahitaji kutaja mahali, kilichoonekana na tarehe, na ikiwezekana iambatane na picha. Mmiliki naye anapobadilisha matumizi ya bwawa, kuinua tuta au kuongeza kina, anapaswa kupata ushauri wa mhandisi na idhini ya mamlaka kabla ya kazi kuanza.

Hali ya sasa ya eneo

Bwawa la Kelly Barnes halikujengwa tena. Ziwa lilitoweka usiku uleule, na kijito cha Toccoa kinaendelea kushuka kwenye maporomoko kama kilivyokuwa kabla ya mwaka 1899. Chuo kiliendelea na shughuli zake katika bonde hilohilo, na waliofariki wamewekewa kumbukumbu karibu na maporomoko. Picha ya mwaka 1973 inayoonyesha mteremko ulioporomoka imebaki katika kumbukumbu za uchunguzi. Miaka minne ilipita kati ya picha hiyo na maafa, na katika muda huo tuta lingeweza kukarabatiwa au ziwa kupunguzwa maji.